Mama, yule mwanafunzi wa wodini anaogopa. Na hofu yake inakuhusu

SEHEMU YA 1: Kanga ya pili

Mama zangu, wadogo zangu, na nyie akina baba mnaosomaga kimya kimya bila kuacha komenti: Ni nesi wenu wa Namanyere. Nimetoka zamu, upepo wa huku juu leo haucheki na mtu, nimejifunga blanketi na chai yangu pembeni. Leo nimekuja kugombana kidogo. Mnivumilie, itakuwa sehemu tano.

Wiki iliyopita dada mmoja aliandika hapa: "Nikienda kujifungua sitaki mwanafunzi anishike, hawajui kitu." Mkamgongea laiki kibao. Simlaumu hata kidogo. Uko kwenye uchungu, umelala bila nguo, halafu watoto wa watu kumi wamekuzunguka wanaandika kwenye vidaftari. Nani anapenda?

Lakini ngoja niwaambie kitu ambacho sijawahi kukiandika.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Hospitali siitaji, na haikuwa mkoa huu. Usiku, wodi ya wazazi imejaa, muuguzi wa zamu ni mmoja. Kulikuwa na mama wa mimba ya tatu, kajifungua salama, mtoto analia vizuri, kondo limetoka. Nikaambiwa nimwangalie.

Nikamkuta kanga imelowa. Nikambadilishia. Baada ya muda mfupi nikarudi, na ile ya pili imelowa. Nikagusa tumbo, likawa laini kama unga uliokandwa, wakati nilifundishwa kwamba mfuko wa uzazi baada ya kujifungua unatakiwa kuwa mgumu, umejikunja kama ngumi.

Nilijua. Narudia, NILIJUA. Sasa kwa nini sikukimbia kumwita mkubwa wangu?

Kwa sababu jana yake nilimuuliza swali kuhusu tumbo la mama mwingine, akanijibu mbele ya wagonjwa na wenzangu: "Umekuja kusoma au umekuja kutuaibisha?" Wodi nzima ikacheka. Hata akina mama wenyewe walicheka, kwa kumwogopa nafikiri.

Basi usiku ule nikazunguka. Nikaenda kumtafuta mwanafunzi mwenzangu nimuulize, eti "hii ni kawaida?" Naye hakuwa na uhakika. Tukasimama pale korido tunanong'ona kama wezi, wakati mtu anamwaga damu. Aliyetuokoa ni mama wa usafi. Alipita na deki, akaona damu chini ya kitanda, akapiga kelele.

Wakaja. Tumbo likasuguliwa, dripu, sindano ya oksitosini, kaka yake akatolewa damu. Yule mama aliishi. Asubuhi nikakaripiwa kwa kuchelewa kutoa taarifa, na nilistahili. Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza: "Ulichelewa kwa nini?"

Damu ya uzazi ikitoka vibaya inaweza kumuua mama ndani ya saa mbili. Dakika nilizozipoteza korido zilikuwa zake, sio zangu.

Kwa hiyo mama, unaposema mwanafunzi hajui kitu, mimi nakujibu: mara nyingine anajua. Ila amefundishwa kunyamaza.

SEHEMU YA 2: Hiki kitu kinapimwa

Jana inboksi ilijaa. Wengi mmeniuliza, "Sasa nesi, hofu ya mtu utaijuaje? Iko moyoni." Swali zuri sana, manake ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Inapimwa. Mwaka 1997 Sue Roff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dundee, huko Uskoti, walichapisha dodoso linaloitwa DREEM. Walilitunga kwa kuwahusisha walimu wa fani za afya karibu 100 kutoka nchi mbalimbali. Ni sentensi 50. Mwanafunzi anasoma kila moja na kusema anakubali kiasi gani, kuanzia 0 hadi 4. Jumla kuu ni 200.

Sentensi zile zinagusa mambo matano: anavyoyaona masomo yenyewe, anavyowaona walimu, anavyojiona mwenyewe kitaaluma, hali ya hewa ya darasani na wodini, na maisha yake ya kijamii pale chuoni. Kuna zinazouliza kama walimu wanawadhihaki wanafunzi. Kuna zinazouliza kama anajisikia huru kuuliza anachotaka. Kuna zinazouliza kama akielemewa na mawazo kuna mtu wa kumsaidia. Chuo kikipata 50 kushuka chini, hali ni mbaya sana. 51 hadi 100, matatizo ni mengi. 101 hadi 150, mazuri yanazidi mabaya. Kuanzia 151 hapo ni pazuri kwelikweli.

Na msiniambie ni mambo ya wazungu. Mwaka 2001 ilichapishwa kazi iliyolinganisha chuo cha Nigeria na cha Nepal kwa dodoso hilihili. Watu wa nchi kama yetu walijipima, wakaweka matokeo hadharani.

Sasa niwape mfano wa kwetu, wa Rukwa.

Sisi hapa Ufipa tunalima. Mahindi ya Nkasi yanalisha mikoa ya watu. Ukipita Chala, ukipita Kate, vihenge vimejaa. Samaki wa ziwani wanapanda kutoka Kirando. Mtoto wako anashiba, anacheza, shavu limejaa. Ungeambiwa ana shida ungekasirika.

Lakini ule utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulipima watoto wa chini ya miaka 5, na karibu NUSU ya watoto wa Rukwa wakaonekana wamedumaa. Nusu! Katika mkoa wenye chakula! Tungejuaje? Kwa macho tusingejua, kwa sababu watoto wote mtaani wako vilevile, nani atamwona mwenzake mfupi? Hata mizani peke yake inaweza kukudanganya, uzito ukaonekana upo. Mpaka ulipopimwa UREFU ndipo ukweli ukajulikana.

Vyuo vyetu viko hivyohivyo. Vinapima mtihani. Mtihani ndio mizani. Mwanafunzi amepata alama, amefaulu, tunapiga vigelegele siku ya mahafali. Lakini hakuna anayepima kama miaka yote ile alikuwa anakua au alikuwa anadumaa. Mimi tangu naingia chuo mpaka navaa sare ya kazi, sikuwahi hata siku moja kupewa karatasi inayoniuliza: unasomaje? Unaogopa nini? Nani anakucheka?

Nilifaulu lakini, na alama nzuri tu. Muulizeni yule mama wa kanga ya pili kama alama zangu zilimsaidia.

SEHEMU YA 3: "Sisi tulikaripiwa na tukaiva"

Nilijua hii itakuja. Na imekuja, tena kutoka kwa wenzangu wa kazi. Dada yangu mmoja, muuguzi mkongwe ninayemheshimu, kanipigia simu kabisa: "Mdogo wangu unatuvua nguo. Sisi tulikaripiwa, tukachapwa hata vijembe, na tukaiva. Watoto wa siku hizi ni mayai."

Shikamoo dada. Nakujibu kwa heshima, ila nakujibu.

Kwanza, walioiva tunawaona kwa sababu wapo. Walioacha masomo, waliohama fani, waliobaki kazini wakiwa wameganda na hawasemi wanachokiona, hao hatuwahesabu. Ukipanda mbegu mia zikaota arobaini, huwezi kuzishika zile arobaini ukasema ukame ni mzuri.

Pili, kuna watu walilijaribu jambo hili kwa vitendo. Huko Israeli walichukua timu 24 za madaktari na wauguzi wa wodi za watoto wachanga. Hawa sio wanafunzi, ni watu waliokomaa. Wakapewa zoezi: mtoto njiti wa kuigiza anabadilika hali ghafla, mmhudumie. Baadhi ya timu zikatolewa maneno ya dharau kidogo na mtu aliyetambulishwa kama mtaalamu mgeni. Dharau ndogo tu, wala hakuwatukana. Nyingine hazikuambiwa kitu kibaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: zile zilizodharauliwa zilifanya vibaya zaidi kugundua tatizo na kufanya kazi kwa mikono. Walipunguza kupeana taarifa, walipunguza kuombana msaada.

Mtaalamu mwenye uzoefu akidharauliwa kidogo anakosea. Sasa binti wa miaka 20, yuko mbali na kwao, hajala vizuri tangu asubuhi, anakaripiwa mbele ya wodi, halafu unamkabidhi sindano. Mama, sindano hiyo inaenda kwa nani? Kwako. Kwa mwanao.

Tatu, na hapa najishtaki mwenyewe. Mimi niliyedhihakiwa, nilipopata sare nami nikadhihaki. Sio mara moja. Nimewahi kumwambia mwanafunzi "toka mbele yangu" kwa sababu alinimwagia trei. Nilikuwa nimechoka, wodi imejaa, niko peke yangu. Sikuona kwamba nimekuwa yuleyule aliyenicheka. Ndivyo hii kitu inavyorithishwa, kama deni la ukoo ambalo hakuna anayekumbuka lilianzaje.

Na dada yangu mkongwe, naomba uelewe: kipimo hiki hakikuji kukushtaki wewe. Kinaweza kuja kukutetea. Wanafunzi wakijaza kwamba mwalimu wa wodini ana hasira kila siku, mtu mwenye akili atauliza: huyu ana wagonjwa wangapi? Ana wanafunzi wangapi? Analala saa ngapi? Usipopima, lawama inabaki "manesi wana midomo". Ukipima, unaiona ratiba ya zamu.

Kukaripia kwa nguvu siku mtu anapotaka kuchoma dawa isiyo yake, hiyo ni sawa, hata mimi nitapiga kelele. Huko ni kuokoa. Ninachokipiga vita ni ule mchezo wa kumvunja mtu ili ajue nani mkubwa.

SEHEMU YA 4: Karatasi ya kabatini

Leo nageuka upande wa pili, manake kuna watu wameanza kunishangilia kupita kiasi. "Nesi umesema, dodoso lije!" Taratibu. Dodoso likija vibaya ni heri lisije.

Nimekaa kazini miaka ya kutosha kujua tabia yetu. Tunapenda karatasi. Mtu anakuja na karatasi, zinajazwa, picha inapigwa, soda inanywewa, karatasi zinaingia kabatini. Mizani haijawahi kumshibisha mtoto. Ukimpima mwanao kila mwezi, mstari kwenye kadi ya kliniki unashuka, na wewe unarudi nyumbani kumpikia uji uleule wa maji, umefanya nini? Umepoteza nauli.

Kwa hiyo wakubwa wa vyuo na wa wodi za mafunzo, nawaambia mambo manne.

Moja: msimwulize mwanafunzi mbele ya anayemsainia. Kile kitabu chake cha mafunzo kinasainiwa na mkuu wa wodi. Ukimpa dodoso huku mkuu wa wodi amesimama mlangoni, atakujazia 4 kila mahali. Ataandika "mazingira ni mazuri sana, walimu wanatupenda." Hiyo nayo ni dalili ya ugonjwa, ila hutaiona. Jina lisiwepo, mkusanyaji awe mtu wa nje.

Mbili: msijifiche kwenye jumla. Chuo kinaweza kupata 120 kati ya 200 kikafanya sherehe, kumbe sentensi ya uhuru wa kuuliza imepata 1. Kwa mama aliye leba, hiyo 1 ndiyo yenye uzito kuliko 119 zilizobaki. Ni sawa na kumwambia mzazi "kwa wastani watoto wa mtaa huu wako vizuri" wakati wake amevimba miguu.

Tatu: msiogope namba mbaya, na msiziamini haraka namba nzuri. Marekani, mtafiti Amy Edmondson alipima timu za wauguzi, akachapisha mwaka 1996. Alitegemea timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Akakuta zimeandikisha makosa MENGI zaidi. Alipochunguza akaelewa: kule kwenye uongozi mzuri watu walikuwa wanayasema makosa yao. Kwenye uongozi wa vitisho yalikuwepo pia, ila yalifichwa. Kwa hiyo wodi inayosema "sisi hatukosei" ndiyo ya kuogopa.

Nne: msiishie kwa wanafunzi wa udaktari wa vyuo vikuu vikubwa. Mama wa Wampembe au wa Kala anayepata uchungu usiku, mtu wa kwanza kumpokea zahanati sio profesa. Ni nesi au tabibu aliyesoma miaka miwili mitatu. Akizidiwa atapandishwa Namanyere, akizidiwa tena Sumbawanga, na ikibidi Mbeya, ambako ndiko atakutana na wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walio kule. Mnyororo wote huo una watu waliofundishwa mahali fulani, na mtu fulani, kwa namna fulani. Ukipima pete ya mwisho tu, mnyororo utakatika juu na hutajua.

Na kitu kimoja ambacho hata lile dodoso la sentensi 50 halikufanyi, mama: HALIKUULIZI WEWE. Mwanafunzi anaulizwa anavyojisikia, vizuri. Lakini wewe uliyelala pale ukifundishiwa, nani anakuuliza?

SEHEMU YA 5: Sasa wewe ufanye nini

Hii ndiyo ya mwisho. Kazi zinaniita, na mwanangu wa mwisho ameanza kunilalamikia kwamba simu ina mama mpya.

Mmeniuliza, "Sisi akina mama tutafanyaje, sisi sio walimu wa chuo?" Mna nguvu kuliko mnavyodhani.

Kwanza, usimfukuze mwanafunzi kwa hasira. Nchi hii vifo vya uzazi vimeshuka. Takwimu za taifa za 2015/16 zilionyesha mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Zile za 2022 zikaonyesha 104. Hiyo kazi imefanywa na watu ambao wote, bila kubaki hata mmoja, waliwahi kuwa wanafunzi wenye mikono inayotetemeka. Mnalijua jina la Atiman, lililopo kwenye hospitali ile ya Sumbawanga. Adrian Atiman alinunuliwa kutoka utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa ukanda huu wa ziwa hadi uzeeni. Alifariki 1956. Kuna mtu alimruhusu ajifunze. Usipomruhusu huyu wa leo, mjukuu wako atahudumiwa na nani?

Ila kumruhusu ni tofauti na kujiachia tu. Una haki ya kuombwa. Ya kuambiwa "mama, huyu ni mwanafunzi, mimi niko hapa naye, unakubali?" Una haki ya kusema mmoja atosha, wengine watoke. Una haki ya kusema hapana, na usinuniwe.

Pili, mfungue mdomo yule mwanafunzi. Akikujia, muulize jina. Mwambie, "Mwanangu, ukiona kitu hukielewi kwangu, mwite mkubwa wako, sitachukia." Maneno hayo machache. Ningeambiwa hivyo usiku ule na yule mama, nina hakika ningekimbia.

Tatu, ukiona mwanafunzi anadhalilishwa mbele yako, usicheke. Najua mnacheka kwa woga. Nyamaza, au sema tu, "Sista, na mimi ningependa kusikia jibu la swali lake." Hakuna atakayekupiga. Jibu lenyewe linahusu mwili wako.

Nne, na hili ndilo kubwa. Vituo vyetu vina Kamati za Usimamizi, na Halmashauri ina Bodi ya Afya. Ndani yake kuna wananchi, majirani zenu kabisa. Mnakutana nao msibani, sokoni, kanisani. Wabaneni kwa maswali matatu tu:

Wanafunzi wanaofundishwa kwenye hospitali yetu, waliulizwa lini mara ya mwisho wanavyojifunza?

Majibu yako wapi?

Nini kilibadilika?

Wakisema hawajui, msigombane nao. Waambieni waende wakaulize, warudi. Na majibu yabandikwe ukutani, palepale tunapobandika bango la chanjo, kila mama ayasome wakati anasubiri foleni. Tunabandika bei ya faili. Tunabandika "usiteme mate." Tunashindwaje kubandika kama watu watakaotuzalisha kesho wanaruhusiwa kuuliza maswali leo?

Mimi kwa upande wangu nimeanza na wodi yangu. Mwanafunzi akifika siku ya kwanza namwambia: "Hapa neno SIJUI haliadhibiwi. Kinachoadhibiwa ni kujua ukanyamaza." Kuna wenzangu wananicheka. Wiki mbili zilizopita binti mmoja, mdogo kabisa wa kundi lao, alinivuta sketi saa tisa usiku nikiwa naandika ripoti. "Sista, sijui kama ni kawaida, lakini kanga ya yule mama nimeibadilisha mara mbili."

Sikumalizia hata neno nililokuwa naandika. Tulikimbia wote.

Mama yule yuko kwake sasa, na mtoto wake. Hajui kilichotokea, na hana haja ya kujua. Ila ninyi mmejua. Mtumie mwenzio aliye na mimba hii, na mtumie mjumbe wa kamati yenu. Usiku mwema.

Nesi wenu, Namanyere.